Minyoo Wanaofika Ubongoni: Mwongozo Kamili wa Kujikinga, Kuwatambua na Kutibiwa

Kila ugonjwa wa minyoo wa ubongoni unapotajwa, huwezi kukosa mtu wa kusema: usile nguruwe, utakuwa salama. Kauli hiyo imewaponza wengi. Nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu (mnyoo bapa na mrefu; vifuko ni watoto wake), ikiliwa haijaiva, humpa mlaji tegu wa tumboni. Anayekwenda ubongoni anaanzia kwingine: kwenye yai dogo lisiloonekana kwa macho, lililotoka na kinyesi cha mtu mwenye tegu, likafika mdomoni mwa mtu kwa mikono, kwa maji au kwa mboga mbichi.

Mwaka 1992 madaktari wa New York waliripoti kifafa kilichosababishwa na minyoo hawa katika familia za Wayahudi wanaoshika sheria za dini yao kikamilifu, watu ambao nguruwe hawamgusi kabisa. Uchunguzi ulielekea kwa watumishi wa nyumbani waliokuwa na tegu bila kujijua. Nautanguliza mfano huu kwa sababu kinga yote iliyoelezwa hapa chini inasimama juu yake: hatari kubwa iko kwenye mikono na vyoo vya watu walio karibu nasi, na mikono yetu wenyewe imo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi ambako mnyoo huyu amezagaa, karibu asilimia 30 ya kifafa chote kinatokana naye, na katika jamii zilizo kwenye hatari kubwa inaweza kufika asilimia 70. Maeneo hayo yako Amerika ya Kusini na ya Kati, Afrika kusini mwa Sahara, na sehemu za Asia. Ni kifafa kinachozuilika, na mara nyingi kinatibika.

Hatua ya 1: Zijue njia mbili, usizichanganye

Mnyoo mwenyewe kitaalamu huitwa Taenia solium, yaani tegu wa nguruwe.

Njia ya kwanza ni ya nyama. Mtu anakula nyama yenye vifuko hai. Kifuko kinafunguka kwenye utumbo mwembamba, kichwa kinachomoza na kujishikiza ukutani kwa vinyonyeo vinne na safu mbili za kulabu. Baada ya miezi miwili hivi tegu amekomaa. Kwa kawaida hufikia mita 2 hadi 7, na anaweza kukaa humo kwa miaka huku mwenyewe akihisi tumbo kujaa kidogo tu, au asihisi chochote.

Njia ya pili ni ya yai. Pingili za mwisho za tegu hukatika na kutoka na kinyesi, na pingili moja inaweza kuwa na mayai hadi 50,000. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai hugeuka vifuko kwenye misuli yake na mzunguko unaanza upya. Binadamu akiyameza, yanayompata ni yale yale yanayompata nguruwe. Ganda la yai linayeyuka, kijusi chenye kulabu sita kinatoboa ukuta wa utumbo, kinachukuliwa na damu hadi kwenye misuli, chini ya ngozi, machoni au ubongoni, na huko kinajijenga kuwa kifuko cha majimaji cha nusu sentimita hadi sentimita moja au zaidi, chenye nukta nyeupe ndani. Nukta hiyo ndiyo kichwa cha tegu mtarajiwa.

Kifuko kikiwa hai kinajua kujificha, na kinga ya mwili haikishambulii. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi nacho miaka mingi akiwa mzima kabisa. Ripoti ya mwaka 1961 iliyofuatilia wagonjwa 450, wengi wao wanajeshi wa Uingereza waliowahi kutumikia India, ilionyesha kwamba kati ya kuambukizwa na kuanza dalili hupita miaka mitano hivi kwa wastani, na kwa wengine hupita miongo. Shida huanza kifuko kinapozeeka na kufa: kinga ya mwili inagutuka, ubongo unavimba pembeni mwake, na kifafa kinatokea. Mwishowe kinabaki kovu gumu la chokaa, na kovu hilo nalo linaweza kuendelea kuchokoza kifafa.

Kwa hiyo ukiulizwa hospitalini ulikula nini wiki iliyopita, jibu lako halitasaidia sana kwa mnyoo huyu. La kueleza ni uliishi wapi na nani miaka kumi iliyopita.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye tegu nyumbani

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mgonjwa wa kifafa anapewa dawa, anarudi nyumbani, na aliyemwambukiza anaendelea kupika na kuhudumia watu bila kujua. Mara nyingine mwenye tegu ni mgonjwa mwenyewe, aliyejilisha mayai kwa vidole vyake baada ya kutoka chooni.

Anza kwa kuangalia. Pingili zilizokatika huonekana juu ya kinyesi zikiwa vipande bapa, vyeupe au vya rangi ya maziwa, vyenye kona nne, virefu kuliko upana wake, takriban sentimita moja. Mara nyingi hutoka viwili vitatu vikiwa vimeshikana. Pingili za tegu wa ng'ombe huweza kutambaa zenyewe hata zikakutwa kwenye nguo ya ndani. Za nguruwe kwa kawaida hutoka na choo tu, ndiyo maana ni rahisi kutoziona. Ukiziona, vaa glavu, ziweke kwenye chombo chenye mfuniko na uzipeleke maabara. Usizishike kwa mikono mitupu na usizitupe shambani.

Kipimo cha choo kwa hadubini kina udhaifu mkubwa. Mayai hayatoki kila siku, na mayai ya tegu wa nguruwe na wa ng'ombe hayatofautishiki kwa macho. Toa sampuli tatu za siku tofauti, na kama maabara ina kipimo cha kutafuta chembechembe za tegu kwenye choo, kiombe hicho. Wapimwe wote wanaokaa nyumba moja, pamoja na anayepika hata kama hakai hapo.

Dawa za tegu wa tumboni ni rahisi. Niklosamidi, gramu 2 kwa mtu mzima mara moja, hufanya kazi ndani ya utumbo bila kuingia kwenye damu. Prazikwanteli nayo huua tegu, ila yenyewe huingia kwenye damu na kufika ubongoni. Mtu mwenye vifuko vilivyolala asivyovijua anaweza kuanguka kifafa siku hiyo hiyo au chache baadaye kwa sababu dawa imeviamsha. Tahadhari hiyo inahusu pia prazikwanteli inayogawiwa kwa ajili ya kichocho. Kama umewahi kupata kifafa, au unaumwa kichwa kikali kisichoeleweka, mwambie anayekupa dawa kabla hujameza.

Hatua ya 3: Funga milango ya yai

Mikono kwanza. Mayai haya yananata na hupenda kukaa chini ya kucha, kwa hiyo kuchovya vidole kwenye beseni hakusaidii. Sabuni, maji yanayotiririka, kusugua hadi kwenye ncha za vidole, kucha fupi: baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kushika chakula. Usitegemee vitakasa mikono vya spiriti kwa kazi hii. Yai lina ganda nene, na linachohitaji ni kuondolewa kwa kusuguliwa.

Kwa maji, klorini ya kawaida ya kusafishia maji ya kunywa haitoshi kuua mayai. Kuchemsha kunatosha, na chujio zuri huyazuia. Mboga na matunda yanayoliwa mabichi yaoshwe moja moja kwa maji yanayotiririka, majani yakitenganishwa, yanayomenyeka yamenywe. Kama huna hakika na maji yaliyomwagilia bustani, pika.

Choo kitumike na kila mtu, kifungike, na nguruwe wasikifikie. Kinyesi kibichi cha binadamu kisiwe mbolea ya mboga kamwe, maana mayai hudumu kwa miezi kwenye udongo wenye unyevu.

Nyama inakuja baada ya hayo. Inazuia tegu wa tumboni, na kwa hiyo inazuia kiwanda cha mayai. Kipande kizima kifike nyuzi 63 za Selsiasi katikati, kisha kiachwe kitulie dakika tatu; nyama ya kusaga ifike nyuzi 71. Huna kipimajoto? Pika mpaka pasiwe na uwaridi wala majimaji ya damu katikati. Kugandisha nako kunaua vifuko, ilimradi baridi ifike hadi kiini cha nyama: siku 4 kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri, siku 3 kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Kutia chumvi, kukausha na kufukiza moshi usivitegemee. Nyama yenye vipunje vyeupe vinavyong'aa, vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi, isiliwe wala isiuzwe.

Mfugaji afungie nguruwe bandani. Dozi moja ya oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama, huua vifuko kwenye misuli, na ipo chanjo iitwayo TSOL18 inayowakinga nguruwe. Uliza daktari wa mifugo, na uzingatie muda wa kusubiri kabla ya kuchinja. Kukagua ulimi wa nguruwe kunasaidia kumgundua aliyeathirika sana, lakini ulimi safi si hakikisho.

Hatua ya 4: Zitambue dalili

Kinachowaleta wengi hospitali ni kifafa kinachoanza ukubwani, kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Si lazima aanguke. Mara nyingine huanza kidole gumba kikicheza chenyewe, mtetemo unapanda mkononi hadi begani, mdomo unavutwa upande mmoja, na mtu yuko macho anaona yote. Hudumu dakika moja au mbili, kisha mkono unabaki mzito kwa muda. Watu wengi hulichukulia tukio kama hilo kuwa uchovu, na miezi inapita. Tafadhali usiliache lipite.

Dalili nyingine ni kichwa kuuma kusikozoeleka, kuona ukungu au vitu viwili viwili, kusahau au kubadilika tabia, udhaifu wa upande mmoja, na vinundu vigumu visivyouma chini ya ngozi. Zipo dalili za dharura zinazotaka hospitali saa hiyo hiyo: kichwa kinachozidi kuuma pamoja na kutapika, usingizi usioamshika vizuri, kuyumba ghafla, au kuzimia unapogeuza kichwa. Hizo humaanisha huenda kifuko kimeziba njia ya maji ya ubongo na shinikizo linapanda.

Hatua ya 5: Mtu anapoanguka mbele yako

Tazama saa. Ondoa vitu vya kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Usimbane, na usitie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Mtetemo ukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Mate hayo hayaambukizi kifafa. Mshike bila woga. Kaa naye mpaka aweze kuongea vizuri.

Ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, au ni mjamzito, au ameumia kichwa, au ni mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali mara moja.

Hatua ya 6: Unachotakiwa kuomba hospitalini

Picha ya kichwa ndiyo msingi. CT inaonyesha vizuri makovu ya chokaa. MRI inaonyesha vizuri vifuko hai, hasa vilivyojificha kwenye vyumba vya maji ya ubongo. Daktari akiona duara jeusi lenye nukta nyeupe ndani, ugonjwa umejitambulisha wenyewe. Vipimo vya damu vya kingamwili vinasaidia, ila mtu mwenye kifuko kimoja tu, au makovu tupu, anaweza kutoa majibu hasi. Choo kisicho na mayai nacho hakiondoi ugonjwa, kwani wagonjwa wengi wa ubongo hawana tena tegu tumboni.

Kabla ya dawa yoyote ya minyoo, omba vitu viwili. Cha kwanza ni kuangaliwa ndani ya macho kwa kifaa: kifuko kikifia ndani ya jicho kwa sababu ya dawa, uvimbe wake unaweza kupofusha. Cha pili ni kupimwa mnyoo mwingine mdogo, Strongyloides, kama umewahi kuishi mahali alipo. Dawa za steroidi utakazopewa kupunguza uvimbe wa ubongo zinaweza kumfanya aongezeke mwilini bila mpaka na kukokota bakteria wa utumboni hadi kwenye damu na utando wa ubongo. Aivamektini, dawa inayomuua mnyoo huyo, ikitolewa kabla ya steroidi huepusha hilo. Kifua kikuu nacho kiangaliwe.

Mwambie pia daktari kama umeishi au kusafiri mahali penye minyoo wengine, kwa sababu si kila mnyoo wa kichwani ni tegu. Kichocho huweza kuacha mayai kwenye uti wa mgongo: miguu inalegea ndani ya siku chache na mkojo unaziba, na hapo kila saa ina thamani. Kichocho cha Asia ya Mashariki hufika ubongoni chenyewe. Mnyoo wa mapafu ya panya, Angiostrongylus cantonensis, aliyeelezwa mara ya kwanza Guangzhou mwaka 1935, huingia kwa kula konokono wabichi au majani yaliyopitiwa na koa. Wiki moja hadi tatu baadaye huja kichwa kikali, shingo kukakamaa na ngozi kuwasha kama inachomwa. Mbwa wanaeneza mnyoo anayejenga kifuko kimoja kikubwa, mara nyingi ini au mapafu, mara chache ubongoni. Hicho hakitobolewi kwa sindano kiholela, kwani kikipasuka mbegu husambaa. Aliyeishi kwenye misitu ya Afrika ya Kati apimwe mnyoo wa jicho, Loa loa, kabla ya kupewa aivamektini: akiwa na vimelea zaidi ya 30,000 kwa mililita moja ya damu, dawa hiyo inaweza kumtia kwenye hali mbaya ya ubongo. Na ile habari iliyozunguka dunia mwaka 2023, ya mnyoo wa chatu mwenye sentimita 8 aliyetolewa hai ubongoni mwa mwanamke huko Canberra, ni kweli, lakini alikuwa wa kwanza kuripotiwa kwa binadamu. Usipoteze usingizi juu yake wakati tegu yupo.

Hatua ya 7: Matibabu yana mpangilio, usiuvuruge

Hapa ndipo watu wema hujiumiza. Akisikia ni minyoo, mtu hukimbilia duka la dawa, ananunua kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400, anameza. Kidonge hicho ni cha chango na safura. Kwa ubongo hakitoshi kutibu, ila kinaweza kutosha kuvichokoza vifuko.

Daktari huanza na dawa za kifafa. Anafuatia shinikizo na uvimbe: steroidi, na kama maji yameziba, upasuaji wa kuyatolea njia. Baada ya hapo ndipo anaangalia kama dawa ya minyoo inafaa. Kwa vifuko hai kimoja au viwili, kawaida ni albendazoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikigawanywa mara mbili, kwa siku 10 hadi 14, steroidi zikiwa zimetangulia. Vikizidi viwili, mara nyingi huongezwa prazikwanteli. Albendazoli imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, vinginevyo sehemu kubwa inapita bila kufyonzwa. Mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, aseme mapema.

Wapo wasiopaswa kupewa dawa ya minyoo kabisa kwa wakati huo. Ubongo ukiwa umevimba wote kwa wingi wa vifuko, kuviua kwa pamoja kunaweza kuua. Makovu ya chokaa hayahitaji dawa hiyo, kwa sababu hakuna kilicho hai cha kuua. Dawa ya kifafa ndiyo inayohitajika. Kifuko kilicho kwenye vyumba vya maji ya ubongo mara nyingi hutolewa kwa upasuaji wa kamera. Daktari akikwambia hutapewa dawa ya minyoo, muulize akueleze picha yako, usidhani amekupuuza.

Ndani ya siku za mwanzo za dawa kichwa kinaweza kuuma zaidi, hata kifafa kikaongezeka. Ndiyo sababu matibabu haya huanzia wodini au chini ya uangalizi wa karibu.

Hatua ya 8: Baada ya kuruhusiwa

Rudi kupigwa picha baada ya miezi sita hivi, na tena mpaka vifuko viishe. Dawa ya kifafa usiiache ghafla hata ukijisikia mzima. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika. Kama kifuko kilikuwa kimoja na kimefutika kabisa, daktari anaweza kuanza kuipunguza baada ya miezi sita bila kifafa. Kovu la chokaa likibaki, muda ni mrefu zaidi, kwa kawaida miaka miwili au kuzidi. Mpaka hapo usiendeshe gari, usipande ngazi ndefu, usiogelee peke yako, na ukioga acha mlango bila komeo.

Na kama watu wa nyumbani hawakupimwa choo mgonjwa alipokuwa wodini, wapelekwe wiki hii.